Mtunzaji Hana Dirisha

Mama hakunisahau kwa siku moja. Alinisahau kama mtu anavyohama nyumba: leo katoa kiti, kesho katoa sufuria, mpaka asubuhi moja unapita unakuta mlango wazi na ndani mna mwangwi tu. Kwanza lilikwenda jina langu. Halafu akasahau kwamba mimi ni mwanawe. Mwisho akasahau kwamba aliwahi kuzaa, na siku hiyo, nikiwa nimepiga magoti mbele yake namfunga viatu, nilijiuliza swali ambalo hadi leo linanila: ikiwa yule aliyekuona ukiingia duniani anasema hukuingia, wewe uko wapi?

Naitwa Mbazi. Nalitaja jina hili mapema kwa sababu nyumbani kwetu lilikuwa halitajwi tena.

Tulikaa mlimani, katika mji ambao ukungu huingia hadi jikoni ukalowesha chumvi. Nilikuwa msoma mizani kwenye ghala la tangawizi. Miaka ishirini na miwili nilisimama mbele ya sahani ya chuma nikiangalia sindano, nikitaja uzito wa magunia ya watu. Niliamini kwamba kila kitu duniani kina uzito wake, na uzito huo husomeka ukituliza macho. Kisha mama, Nakijwa, akaanza kutoka nyumbani alfajiri bila viatu, nami nikaacha kazi ili nibaki naye. Tangu siku hiyo nilibeba kitu ambacho sikuwahi kuona mizani yake.

Nina kaka wawili walio miji ya mbali. Nilipowaeleza, wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake na bila kupanga, walinijibu neno lilelile: "Wewe ndiye uliye karibu." Nimelitafakari sana neno hilo. Nadhani hakuna kosa duniani linaloadhibiwa kwa muda mrefu kama kuwa karibu. Aliye mbali hupewa habari na kuombewa safari njema. Aliye karibu hupewa ndoo, kitambaa, na mwili wa mzazi wake.

Mwili wa mzazi wake. Mara ya kwanza kumwogesha mama nilifumba macho. Nilimmwagia maji huku nimegeukia ukuta, mkono wangu ukipapasa kama wa kipofu, naye akacheka akaniuliza kama ninaogopa kuku. Sikuwa na dada wala mke. Mke wangu alikwisha kufa, na mwanamke wa kunisaidia hakupatikana. Majirani walinong'ona kwamba mwanamume anamvua nguo mama yake. Mara ya pili nilifumba jicho moja. Mara ya tatu mama aliteleza kwa sababu sikuwa nikiona, akaumia nyonga, na tangu hapo nikawa naangalia. Nikaliona kovu tumboni mwake, refu, limekunjamana katikati. Hapo ndipo nilipopita. Nikalisugua kwa sabuni nikalisuuza, naye akaniambia, "Pole pole hapo. Sijui niliumizwa na nini."

Wakati, katika nyumba ile, haukwenda mbele. Jumatatu mama alikuwa na miaka sabini na minane na magoti yanamuuma. Jumanne alikuwa na thelathini, anagomba na mtu aliyekwisha kuzikwa. Jumatano alikuwa msichana mdogo, analilia mdoli wa gunzi. Nami ilinibidi nimfuate kila alikokwenda. Asubuhi nilikuwa mume wake, Senkondo, naulizwa kwa nini nimechelewa kurudi. Mchana nilikuwa mwizi aliyeingia kuiba maharage. Jioni nilikuwa mwalimu mkuu, naamkiwa kwa heshima. Kuna siku nilipita mbele ya kioo nikasimama, nikasubiri yule wa kwenye kioo aniambie leo mimi ni nani.

Ila jambo moja halikumtoka. Ujanani mama alikuwa msimamizi wa zamu za maji. Juu ya mji palikuwa na bwawa la wakulima, lililojaa usiku na kufunguliwa alfajiri ili maji yateremke kwenye mifereji, shamba moja baada ya jingine. Mama ndiye aliyejua leo ni zamu ya nani. Bwawa lile lilikauka zamani, nikiwa shuleni. Sasa ni shimo la udongo uliopasuka na mbuzi hulala humo. Lakini kila kulipopambazuka mama aliruka kitandani akipiga kelele, "Zamu! Zamu ya watu inapita!" akakimbilia mlangoni. Nilimshika. Aliniuma. Nilimshika tena. Hivyo kila alfajiri, kwa miaka mitatu.

*

Kulikuwa na tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa soko. Lilisema kwamba ofisi ya mji imeanzisha huduma kwa watu wanaotunza wagonjwa wao nyumbani: ushauri, mapumziko, mtu wa kukaa na mgonjwa. Nililisoma mara nne. Nililigusa. Kwa siku sita nilitembea na tangazo lile kichwani kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna mlango upande wa pili wa ukuta alioulalia maisha yake yote.

Siku ya saba nilikwenda kwa jirani, Mama Kiondo, nikamwomba akae na mama mpaka mchana.

"Mbazi, mwanangu," alisema akichambua mboga bila kuniangalia, "ningekaa naye. Lakini juzi aliniita mchawi mbele ya wajukuu zangu."

"Ni ugonjwa, mama. Si yeye anayesema."

"Najua si yeye. Lakini wajukuu walimsikia yeye." Akainua uso. "Nenda tu haraka urudi. Mzee haendi popote."

Haendi popote! Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani anakunja na kukunjua shuka. Nilimpa uji akanywa. Nilifunga dirisha. Mlango wetu haukuwa na kufuli, komeo lake mama aliling'oa mwenyewe mwaka uliopita. Nikasimama katikati ya chumba, na nataka kusema ukweli hapa, kwamba sikuchanganyikiwa wala sikupandwa na hasira. Nilifikiri vizuri kabisa. Nilichukua kanga yake ya zamani, nikaisokota, nikamfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa kitanda. Nilipima nafasi ya kidole kimoja kati ya kanga na ngozi. Nikamwambia, "Kaa kimya. Nakuja." Akaniangalia akasema, "Ndiyo, bwana."

Nilimfunga mama yangu ili niende kuomba msaada wa kumtunza.

*

Ofisi ile kwa nje ilikuwa nyumba ndogo ya mabati mekundu. Kwa ndani ilikuwa ukumbi mrefu ambao sikuuona mwisho wake. Watu walikaa kwenye mabenchi wakitazama mbele, na wote walikuwa na uso mmoja, uso wa mtu aliyeacha kitu motoni. Mwanamke niliyekaa karibu naye aliniambia kwamba alipokuja kupanga foleni mwanawe alikuwa anatambaa. Sasa ana ndevu, na bado hawezi kushika kijiko. Hakucheka, nami sikumwuliza zaidi.

Nikasubiri. Saa tatu. Saa nne.

Ameamka? Hakulala.

Nafasi ya kidole kimoja. Kidole changu au chake? Vidole vyake vimevimba.

Akitaka kwenda haja?

Saa tano. Mtu mmoja mbele yangu. Kisha watu watatu mbele yangu. Foleni inarudi nyuma, au mimi ndiye.

Mtoto akimfunga mzazi wake, ni nani aliyefungwa? Nyamaza, Mbazi. Ni yeye. Ni yeye aliyefungwa. Wewe umekaa kwenye benchi.

Ukumbi ulikuwa na madirisha matatu ya vioo. Juu ya la kwanza pameandikwa WAGONJWA, la pili WAZEE, la tatu WALEMAVU. Nilifika la kwanza.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza karani, kijana mwenye sauti ya upole.

"Yuko nyumbani."

"Sisi humhudumia mgonjwa aliyefika, kaka."

"Hawezi kufika. Ndiyo maana nimekuja mimi."

"Wewe unaumwa nini?"

"Siumwi."

"Basi jaribu dirisha la wazee."

Kwenye dirisha la wazee mwanamke mmoja alitazama kitambulisho changu. "Mzee ni wewe?"

"Ni mama yangu."

"Hapa mwenyewe ndiye anayejiandikisha. Wewe una arobaini na minane. Bado miaka kumi na miwili." Akanirudishia. Hakuwa na ubaya wowote. Niliona kwamba anataka kunisaidia na hajui ashike wapi, kama mtu aliyepewa mtungi usio na mkono.

La tatu waliniuliza nina ulemavu gani. Nilitazama mikono yangu. Nilitaka sana kuwa nao. Naona haya kusema hivyo, lakini nilisimama pale nikitafuta ndani ya mwili wangu kitu kilichovunjika ambacho kingeweza kuonekana.

"Sina," nilisema.

"Basi shukuru, kaka. Una afya."

"Na lile tangazo la sokoni? La wanaotunza?"

Karani alishusha sauti. "Tangazo ni la kwetu. Lakini dirisha lake bado."

"Litafunguliwa lini?"

"Ukuta bado haujatobolewa."

Nilitoka nje. Kulikuwa na ngazi nne. Nikashuka mbili, nikakaa. Mji ulipita mbele yangu, watu na mizigo yao, na hakuna aliyekuwa na habari kwamba mtu anaweza kuisha akiwa amekaa wima na nguo safi. Ninachojua kuhusu mamlaka nilijifunza hapo. Nilikuwa nikidhani kwamba wenye nguvu ni wale wanaokukataza. Sivyo. Anayekukataza amekuona. Nguvu kubwa kuliko zote ni ile inayogawa dunia katika madirisha matatu, kisha ikakaa kwa adabu nyuma ya kioo, ikisubiri ujitaje.

"Unamtunza nani?"

Niligeuka. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kashika mwavuli na daftari la shule. Kwa miaka mitatu watu walikuwa wananiuliza, "Mama hajambo?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivi, swali ambalo ndani yake mimi ndiye mtendaji.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Naitwa Navoneiwa. Nilikuwa muuguzi, halafu nikamtunza mume wangu miaka kumi na mmoja mpaka alipozikwa. Najua mtu anavyokaa kwenye ngazi hizi. Unamtunza nani?"

"Mama yangu. Amesahau."

"Amekusahau wewe au amesahau vyote?"

"Vyote. Isipokuwa maji."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ni jambo la kawaida. Akafungua daftari. "Ofisi haina dirisha, lakini sisi tupo. Tuko wachache tuliofiwa, tunaojua kazi hii. Tunakwenda kukaa na mgonjwa ili anayemtunza atoke kidogo. Na kuna chumba, kila Alhamisi, watunzaji wanakutana. Nina familia thelathini na moja. Wewe ni ya thelathini na mbili. Nitakupa saa nne."

"Saa nne asubuhi?"

"Hapana, mwanangu. Saa nne za kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kwa juma." Akaniuliza jina langu, akaliandika. Alipoliandika nilisikia kitu kinakwaruza kifuani, kama kabati linasogezwa. Kisha akauliza swali ambalo kila muuguzi angeuliza. "Na sasa hivi yuko na nani?"

Nikainama nikafuta vumbi kwenye kiatu.

"Mbazi. Mama yako yuko na nani?"

"Nimemfunga," nilisema.

Alifunga daftari. Aliuliza tu nyumba iko upande gani. Alianza kupanda mlima, na yule mama wa miaka sitini na kitu alipanda kwa kasi ambayo mimi, mwenye afya, nilishindwa kuifikia.

*

Tulimkuta amekaa palepale. Hiyo ndiyo picha ambayo sitaweza kuitoa. Nilitegemea mayowe, nilitegemea kanga imechanika na mlango uko wazi, na njiani nilikwisha kuomba iwe hivyo. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, mkono wa kulia juu ya goti, wa kushoto umevutwa chini. Shuka lilikuwa limelowa. Ngozi ya kifundo cha mkono mahali pa kanga ilikuwa imechubuka ikawa nyekundu, maana alikuwa amevuta, kisha akaacha kuvuta.

Aliponiona alijaribu kusimama kwa heshima.

"Bwana," aliniambia, "nimekaa kimya kama ulivyosema. Naomba sasa niende. Watu wangu wanasubiri maji."

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekuwa mume, mwizi, mwalimu. Majina yote yale hayakuwa yangu, na niliyavaa na kuyavua. Hili la siku ile lilinikaa sawasawa. Askari jela. Mama, aliyekuwa akimchanganya kila mtu na mwingine, safari hii alikuwa amenitambua.

Navoneiwa alipiga magoti akafungua fundo. Aliniomba maji ya uvuguvugu, nikaleta. Alimsafisha, akambadilisha nguo, akamsafisha kidonda akiongea naye habari za mifereji, zamu ya akina fulani, zamu ya mjane wa kule bondeni. Mama akamjibu kwa ufasaha ambao sikuwa nimeusikia kwa mwezi mzima. Nilisimama mlangoni na beseni mkononi. Nilikuwa mgeni katika mazungumzo ya wanawake wawili kuhusu maji yasiyokuwepo.

Tulipotoka nje nilimwambia, "Sema tu. Nihukumu."

"Sikuhukumu," alisema. "Wala sikusamehe, maana msamaha huo si wangu kuutoa. Ila usimfunge tena."

"Nifanyeje basi?"

Alitazama ukungu unavyopanda.

"Sijui, mwanangu. Alhamisi nitakuja saa sita."

*

Alhamisi alikuja. Niliaga nikashuka na begi.

Sikumwambia habari za begi, naye hakuuliza. Ndani mlikuwa na mashati mawili, kandambili, na cheti changu cha ghalani. Nilipita mbele ya mashine ya kusaga, ambapo nyuma yake ndipo palipo na chumba cha watunzaji, nikasikia inavyonguruma, sikusimama. Niliteremka mpaka njia panda, pale barabara ya mlima inapokutana na ile kubwa iendayo kusikojulikana. Nikasimama hapo. Jua lilikuwa kali. Niliona kivuli changu kwenye lami nikashangaa, maana kule juu katika ukungu nilikuwa nimesahau kwamba ninacho.

Lori la kabichi likasimama. Dereva akafungua mlango. "Panda, mzee. Unakwenda wapi?"

"Mbali."

"Mbali kwa nani?"

Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mlango. Nikafikiri. Kaka zangu wangenifungulia na neno la kwanza lingekuwa, umemwacha na nani? Marafiki wa ghalani walikwisha kuacha kunisalimia, si kwa chuki, ila kwa sababu mtu asiyeonekana hasalimiwi. Nilipitia nyuso zote nilizozijua duniani, moja moja, kumtafuta mtu ambaye ningeweza kuwa ninakwenda kwake, na kila nilipoishia palikuwa na mwanamke mmoja amekaa kitandani anakunja shuka.

"Nikungoje mpaka ukumbuke?" dereva alisema, akacheka, akaufunga mlango taratibu akaondoka.

Nilipanda tena. Nyuma ya mashine ya kusaga palikuwa na chumba chenye madumu yaliyogeuzwa kuwa viti, na vumbi la unga lilikuwa limetua juu ya nyusi za watu, wote wakaonekana vikongwe. Walikuwa watatu tu. Mzee Kangero, anayemtunza mke wake aliyepooza. Nasemba, msichana aliyeolewa mwaka juzi na kukabidhiwa baba mkwe. Na Elifuraha, ambaye binti yake ana miaka kumi na tisa na hajawahi kusimama. Mashine ilipovuma walinyamaza, ilipotulia waliongea. Ndivyo kikao kilivyokwenda.

Waliniambia nijieleze. Nikasema naitwa Mbazi, namtunza mama. Mashine ikavuma. Ilipotulia, nilisema la kanga. Nasemba aliweka mkono mdomoni. Mashine ikavuma tena, ndefu safari hii, na katika kelele ile niliinua begi nikaliweka katikati yetu. Ilipokoma nilisema, "Na leo nilipotoka sikupanga kurudi."

Nilisubiri mawe. Mzee Kangero alilitazama begi kwa muda.

"Umeweka nini?" aliuliza.

"Mashati. Kandambili."

"Hukuweka blanketi? Mimi langu lina blanketi."

"Langu liko chini ya kitanda," Elifuraha alisema. "Mwaka wa sita sasa. Kila Desemba natoa nguo nazifua, maana zinanuka unyevu, halafu nazirudisha."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelia. Nasemba peke yake, ambaye ni mdogo, aliuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima. Kama kila mtu lazima awe na begi. Elifuraha alimshika mkono akamwambia hapana, si lazima, lakini alisema hivyo akitazama pembeni.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Nisije nikasema kwamba chumba kile kiliniponya. Sikutoka nikiwa mwepesi. Niliwaona watu watatu waliochoka kama mimi, wenye saa nne kwa juma kama mimi, na juma lina saa mia moja sitini na nane. Toa nne. Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza, na hakuna huduma wala daftari linaloigeuza. Ila niligundua kwamba lile nililokuwa nikiliita mimi, lile jitu baya lililomfunga mama, halikuwa siri yangu peke yangu. Lilikuwa linaishi katika nyumba nyingi mlimani, kimya, linapika uji. Sijui kama hiyo ni faraja. Huenda ni hofu kubwa zaidi. Lakini ni hofu yenye watu ndani yake.

Nilipoondoka Mzee Kangero alinipa mkono akaushikilia. "Alhamisi ijayo?"

"Mungu akipenda."

"Mungu hana neno. Ni wewe ninayekuuliza."

"Nitakuja," nilisema.

*

Navoneiwa alinisubiri mlangoni, mwavuli kwapani. Alisema mama amekula, ameoga, kidonda kinakauka. Akaliona begi. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Alhamisi, basi," akashuka kwenye ukungu kwenda kwa familia nyingine.

Niliingia. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha, nywele zimesukwa mistari minne. Alikuwa mzuri. Aligeuka akanitazama kwa makini, na sikujua leo nimekuja nikiwa nani. Nilibaki nimesimama, nikingoja nipewe jina.

"Wewe kijana," alisema, "ndiye unayenipikia uji?"

"Ndiye mimi."

"Na kunifunga viatu?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku nakuona hapa. Asubuhi upo, jioni upo. Huna kwenu?"

"Ninako."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Anajua uko hapa?"

Ningeweza kumwambia. Miaka ya mwanzo nilikuwa namwambia kila siku, ni mimi, Mbazi, ni mimi, na kila mara alitishika kama mtu anayedaiwa asichokumbuka kukopa. "Hajui," nilisema.

Akasikitika. Akasikitika kweli, uso mzima ukakunjamana. "Si vizuri hivyo. Mama wa watu atakuwa anahangaika. Nenda ukamwambie uko wapi. Nenda sasa hivi, mimi sitatoka."

Nikatoka. Sikuwa na la kufanya jingine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kunituma kama mtoto. Nilisimama nje, mgongo umeegemea ukuta, ukungu ukinipita usoni. Kuku wa Mama Kiondo alipita. Nililia kidogo, si sana. Nilijaribu kukadiria muda ambao mtu angeutumia kwenda kwa mama yake, kumweleza, na kurudi. Kisha nikagonga.

"Hodi."

"Karibu! Pita. Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

Nikamtazama. Jicho lake la kushoto lina doa dogo jeusi. Sikuwahi kuliona kabla ya hapo. "Amesema nibaki kwako," nilisema. "Amesema nisikuache."

Mama alitikisa kichwa polepole, akipima jambo hilo. Akasogeza kigoda kidogo ili nami nipate pa kukaa.

"Mama yako ana moyo," alisema. "Mimi mwanangu nisingempa mtu."